Fahamu: Jinsi kompyuta inavyouchambua mlinganyo wa Ebola

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018 mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uliua watu 2,287, wengi wao katika maeneo ya Beni na Butembo, hadi ulipokwisha Juni 25, 2020.

Idadi ya watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja yaweza kuandikwa R = c × p × d: watu anaogusana nao kwa siku, uwezekano wa kumwambukiza kila mmoja, na siku za kuambukiza.

Programu za aljebra kama SymPy huhifadhi herufi zenyewe badala ya kuzigeuza namba. Sifa ya rhs hutoa upande wa kulia wa mlinganyo peke yake. Ukitaka R iwe chini ya 1, yaani mlipuko uzimike, unaitenga d: lazima iwe chini ya 1/(cp).

Kwangu d ndiyo herufi nzito kuliko zote, kwani hupungua mgonjwa akifikishwa kituoni mapema. Chanjo, waliyopewa zaidi ya watu 300,000, hupunguza p.