Asali ya msimu uliopita: ionje kwanza, ndipo uiposti

Wewe muuzaji wa Nduguti una ndoo ya asali ya mwaka jana. Imekuwa nzito, imeganda chengachenga, rangi imekolea. Ukiipiga picha na kuandika tu "asali orijino", mteja wa Dar akifungua kopo atasema umechanganya sukari, na hela yake ataitaka. Mzigo, nauli ya basi na jina, vyote vimekwenda.

Asali safi huganda. Ndani yake kuna sukari aina ya glukosi ambayo hujitenga na kuwa chenga, na baridi ya Juni na Julai hapa Singida huiharakisha. Mteja hajui hilo. Mwambie kabla hajalipa.

Wanaouza zile sigara nene za Cuba huelezea ladha kwa hatua tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Utaratibu huo tuuchukue. Ila sigara zile huhifadhiwa miaka ili ladha itulie. Asali haipandi hivyo. Ikikaa, hasa penye joto, harufu ya maua hupungua. Kwa hiyo usiandike "imekaa sana, ndo bora zaidi". Huo ni uongo.

Onja asubuhi, kabla ya chai na kabla hujashika vitunguu. Sukutua kwa maji. Nusa kwanza: ukikuta harufu ya pombe, povu juu au mfuniko umevimba, imechacha, usiiposti. Mara nyingi ni asali iliyovunwa mapema, nyuki hawajaziba masega, ikabaki na maji mengi. Kiwango cha kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20. (Ya nyuki wadogo ni nyepesi na chachu kwa asili yake, usiipime kwa kipimo hiki.)

Kisha weka nusu kijiko ulimini, iache iyeyuke. Utamu unakuja haraka au taratibu? Kuna ukakasi? Ukimeza, kooni kinabaki nini? Moshi wa kurinia husikika hapo mwisho, nao utaje, wapo wanaoupenda. Onja na ya msimu huu pembeni, tofauti utaiona mwenyewe.

Halafu andika ulichokipata, mfano:

"Asali ya nyuki wakubwa, Mkalama, imevunwa mwaka jana. Imeganda, rangi ya kahawia. Mwanzo tamu sana, katikati ukakasi kidogo, mwisho moshi kwa mbali. Nzuri kwenye chai na mkate. Ukitaka iyeyuke, weka kopo kwenye maji ya vuguvugu, usichemshe. Mtoto chini ya mwaka 1 asipewe."

Taja pia kama ni kilo au lita. Lita 1 ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, hapo wengi wanaliwa bila kujua.

Bei? Mimi ningeiweka chini kidogo ya ile mpya, na sababu ningeiandika palepale kwenye posti.