Nambari Yako Dukani ni Amana

Katika mitaa ya Ilemela, tangu Kirumba hadi Buzuruga, mtu hununua vitu vingi kwa siku moja, na karibu kila aendako huacha kitu asichokihesabu: jina lake na nambari yake ya simu. Wakala wa fedha huviandika daftarini pamoja na kiasi alichotoa. Duka la nguo laomba nambari ili limpelekee habari za bei nafuu. Duka kubwa humpa kadi ya pointi, na kwa kadi hiyo laweza kuweka hesabu ya kila alichonunua, tangu mchele hadi sabuni ya mtoto.

Wako wasemao kwamba mwenye duka wa zamani naye alikuwa na daftari la madeni, wala hapana aliyelalamika. Ni kweli. Lakini daftari lile lilifichwa, na mwenyewe alijulikana mtaani. Akitoa siri ya mdeni wake, aliulizwa. Daftari la leo mara nyingi hulazwa wazi mezani, na ajaye nyuma husoma yote yaliyoandikwa juu ya mstari wake. Yaliyo katika kompyuta nayo huweza kuibwa kutoka mbali: mwezi wa Aprili 2023 maduka makubwa ya Naivas, nchini Kenya, yalitangaza kwamba yamevamiwa na wezi wa mitandao.

Madhara yake huingia nyumbani. Binti aliyekwenda kutoa fedha huanza kupigiwa simu na mwanamume asiyemjua. Mzee hupokea ujumbe wa tapeli amwitaye kwa jina lake, naye akadhani ni mtu wa kwao.

Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza kupelelezana, na Mtume (s.a.w.) amehesabu kuhini amana kuwa miongoni mwa alama za mnafiki. Basi mfanya biashara Mwislamu na ajue kwamba nambari aliyopewa kwa ajili ya fedha hakupewa kwa jambo jingine.

Sheria ya nchi nayo yaelekea huko huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka habari za mtu zikusanywe kwa kazi maalumu, zisizidi haja, tena zilindwe. Mtu anayo haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake, kutaka yasahihishwe, na kukataa matangazo ya biashara. Akidhulumiwa, aweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Twawausia wenye maduka wafunike madaftari yao, wala wasiuze wala kugawa majina ya wateja. Nanyi wazazi, wafundisheni vijana wenu kuuliza kwa adabu kabla ya kutaja nambari: "Yatakiwa kwa kazi gani?" Ikiwa ni ya matangazo tu, mteja alipe, achukue bidhaa yake, aende zake bila ya kuitaja.