Kromatografia: Historia ya Mbinu na Funzo la Istilahi Yake

Kromatografia ni mbinu ya kutenganisha viambajengo vya mchanganyiko kwa kuzingatia tofauti za mwendo wao. Mchanganyiko husafirishwa na kimiminika au gesi kupitia dutu isiyosogea. Kiambajengo kinachonata zaidi kwenye dutu hiyo huchelewa, na kinachonata kidogo hutangulia.

Mwasisi wake ni Mikhail Tswett, mwanabotania Mrusi aliyezaliwa Italia mwaka 1872, ambaye aliwasilisha matokeo yake ya awali jijini Warsaw mwaka 1903. Katika makala zake za Kijerumani za mwaka 1906, alieleza jinsi rangi za majani, zikipitishwa pamoja na kiyeyushi katika neli ya kioo iliyojazwa unga wa chaki, zinavyojitenga kuwa mikanda ya kijani na manjano. Ndipo alipounda istilahi yenyewe kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya “rangi” na “kuandika”.

Hata hivyo, mbinu hiyo ilipuuzwa kwa takriban robo karne. Wanakemia mashuhuri, akiwamo Richard Willstätter, waliitilia shaka. Aidha, kitabu kikuu cha Tswett cha mwaka 1910 kilitoka kwa Kirusi, lugha ambayo wanakemia wengi wa Ulaya Magharibi hawakuisoma. Mwaka 1931, Richard Kuhn, Alfred Winterstein na Edgar Lederer waliihuisha mjini Heidelberg kwa kutenganisha karotini. Mwaka 1941, Archer Martin na Richard Synge wa Uingereza waliasisi kromatografia ya mgawanyo, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1952.

Leo mbinu hii hutenganisha hata dutu zisizo na rangi, lakini jina limebaki. Kwa hiyo, istilahi ya maabara inaweza kutoholewa bila hasara, kwa kuwa watumiaji wake hufunzwa maana yake. Hali ni tofauti kwa kile ambacho mbinu hiyo hukifichua. Mwaka 2004, watu 125 walifariki nchini Kenya baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayopimwa kwa kromatografia. Neno “sumukuvu”, linalotumika Tanzania, humweleza mkulima chanzo cha hatari bila kuhitaji mkalimani. Sera ya istilahi katika ukanda huu haina budi kutofautisha mahitaji hayo mawili: neno la mtaalamu linaweza kukopwa, bali neno la tahadhari sharti lieleweke ghalani.