Mchungaji Aliyechelewa Njiani

Mchungaji wa kanisa dogo katika kata ya Buzebazeba, upande wa Ujiji, hana njia fupi ya kwenda kazini. Si kwamba kata ni kubwa mno, bali watu ni wengi njiani. Akitoka kwake asubuhi, bibi kizee aliyeketi barazani huipokea shikamoo yake kwa marahaba, humwuliza habari za watoto, kisha humweleza habari za goti linalomnyima usingizi. Hatua chache mbele, kijana wa bodaboda huzima pikipiki ili amtake shauri juu ya mahari. Karibu na soko, mama muuza dagaa humvuta kando na kumnong'oneza kwamba mwanawe amekwenda ng'ambo ya ziwa na hajaleta salamu tangu mwezi uliopita.

Bibi yule ni Mwislamu, kijana hana dini anayoishika sana, na mama yule husali kanisa jingine. Hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa katika daftari la washirika wa mchungaji huyu. Na wakati huo wote wazee wa kanisa wamekaa kikaoni, wanamngoja, nao wanatazama saa.

Je, amepoteza wakati? Wako waumini wengi wanaojibu kuwa ndiyo. Husema kwamba mchungaji huajiriwa na kundi lake, na kwamba muda wake ni mali ya kundi hilo. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa maana sadaka inayomlisha hutoka katika mifuko ya wavuvi, wakulima na wachuuzi ambao hawana cha kutupa. Lakini ndugu msomaji, hebu tulipime jambo lenyewe.

Kila Mkristo anaujua mfano wa mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi katika njia ya kwenda Yeriko. Tumezoea kumsifu Msamaria, tukamsahau kuhani. Kuhani yule hakutoka nyumbani kwa nia mbaya. Alipita pale kwa nasibu tu, akamwona majeruhi, akashika upande wa pili wa njia. Pengine alikuwa na miadi yake. Pengine nako alikokwenda palikuwa na watu wanaotazama saa. Mfano hautuambii, wala hauulizi. Unauliza tu alifanya nini na mtu ambaye hakumtarajia.

Ujiji yenyewe inajulikana duniani kwa mkutano. Novemba 1871, kwa hesabu ya Stanley, mwandishi huyo wa gazeti la New York Herald alimkuta hapa Dakta Livingstone. Lakini mkutano ule haukuwa wa nasibu hata kidogo: Stanley alitumwa, akagharimiwa, akatafuta hadi akapata. Uko mkutano mwingine unaotufaa zaidi, ingawa haukujengewa mnara.

Livingstone alikuwa amewekewa mikono kwa kazi ya umisionari mwaka 1840, ijapokuwa mwaka 1857 aliacha utumishi wa London Missionary Society. Mwanzoni mwa mwaka 1869, magharibi ya Ziwa Tanganyika, aliugua vibaya mapafu hata asiweze kutembea. Aliyemsaidia hakuwa mmisionari mwenzake. Alikuwa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara Mwislamu, ambaye alimtibu, akaamuru abebwe kwa machela mpaka ziwani. Tarehe 14 Machi 1869 mgonjwa huyo alifika Ujiji akiwa hai.

Hatuandiki haya ili kuipamba biashara ya mtu huyo. Aliuza pembe za ndovu na watumwa, na Livingstone aliichukia biashara ya utumwa na kuipiga vita kwa kalamu yake yote. Wema kwa mgonjwa mmoja hauwezi kufuta machozi ya waliofungwa minyororo. Na mabega yaliyoibeba machela ile yalikuwa ya watu ambao majina yao hatuyasomi vitabuni. Lakini hata hivyo ukweli unabaki kuwa katika nchi hii mtu wa kanisa alipolala njiani, mtu wa msikiti hakushika upande wa pili. Mchungaji wa leo anayesimama kumsikiliza bibi wa Kiislamu hampi zawadi. Analipa deni la zamani.

Tena mikutano ya nasibu haiji mmoja mmoja siku zote. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijazana katika kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, na kipindupindu kikazuka kati yao. Meli ya Liemba, iliyoanza safari zake enzi za Wajerumani, ilitumika kuwaleta Kigoma kabla hawajapelekwa kambini Nyarugusu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na mvuvi akakaa bila kazi. Mambo kama hayo hayaandikwi katika ratiba ya ibada mwanzoni mwa mwaka. Aliyezoea kusimama kwa ajili ya mmoja ndiye atakayejua kusimama kwa ajili ya elfu.

Hata hivyo tusimtwishe mchungaji mzigo wa mji mzima. Yeye naye ana mke anayengoja chakula kipoe, na watoto wanaomwona mgongo tu. Wako pia wajanja wanaomwendea kila Jumatatu na msiba mpya wa uongo. Basi hapana budi ajifunze kusema "nitakuja kesho", na kesho aende kweli. Wazee wa kanisa na mashemasi nao wasikae kikaoni tu, bali wajigawie mitaa, ili goti la bibi na hofu ya mama muuza dagaa visimsubiri mtu mmoja.

Aibu iko kwa mchungaji wa namna nyingine, yule apitaye ndani ya gari lenye vioo vilivyopandishwa, akawahi kila kikao, huku mtaa ukimjua kwa kipaza sauti chake tu. Siku atakapofiwa, ndipo atakapojua kama ana majirani au ana wasikilizaji. Kwa desturi ya Ujiji, watu wa dini zote hukaa pamoja kwenye mkeka wa matanga, kila mmoja akishika imani yake, na rambirambi haiulizwi dini. Mkeka huo hautandikwi siku ya msiba. Hutandikwa njiani, kwa salamu za kila asubuhi.

Kwa hiyo, enyi wazee wa kanisa, mchungaji wenu akichelewa, msianze kwa kumwuliza saa ngapi. Mwulizeni amekutana na nani.