Jiwe Lililochongwa ni Shahidi: Lisiondolewe Kabla ya Kuandikwa

Kazi za askari wa jeshi na askari polisi huwafikisha mahali ambapo raia wengi hawafiki. Askari huchimba mahandaki, hufungua njia milimani na huokoa watu penye maporomoko ya ardhi. Nchini Rwanda, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, askari na raia hushika majembe pamoja wakachimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kwa sababu hiyo, aghalabu wao ndio wa kwanza kukiona kitu kilichofukiwa ardhini kwa karne nyingi. Miongoni mwa vitu hivyo yamo mawe yaliyochongwa na binadamu wa kale kabla chuma hakijajulikana katika nchi hizi.

Chukua mfano wa Gikondo, katika Wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali. Upande wa juu ni mteremko uliojaa nyumba. Upande wa chini ni kinamasi ambacho kwa miaka mingi kilikaliwa na viwanda na maghala, kabla Serikali haijaamua kuvihamisha ili kinamasi kirudie hali yake. Huko juu wananchi wanachimba misingi ya nyumba, na huko chini mashine zimegeuza udongo. Mahali pa namna hiyo, jiwe lililolala kwa maelfu ya miaka huweza kutokea juu asubuhi na kufukiwa chini ya zege kabla jua halijatua. Ikiwa hakuna mtu aliyelitambua na kuandika habari zake, basi limekwisha kupotea.

Hili si jambo la kubuni. Maji ya Gikondo huelekea Nyabugogo, yakaingia Nyabarongo, na kutoka hapo yakafuata Akagera mpaka Ziwa Viktoria. Ni katika bonde la mto huo huo, upande wa Uganda, ambako zana nyingi za mawe zilipatikana Nsongezi. Mwaka 1920 mjiolojia E. J. Wayland aliokota zana nzito za mawe karibu na Ghuba ya Sango, magharibi mwa Ziwa Viktoria, na jina la Sango likaingia katika vitabu vya wataalamu kuwa jina la aina nzima ya zana za kale. Nchini Rwanda kwenyewe, N. Boutakoff alitoa taarifa ya uchunguzi wake wa Zama za Mawe mwaka 1937. Jacques Nenquin alitoa kitabu juu ya Rwanda na Burundi mwaka 1967, na Francis Van Noten akatoa historia ya akiolojia ya Rwanda mwaka 1983. Vilima hivi, basi, vilikuwa na watu tangu zamani sana, na alama zao zimo ardhini.

Swali la kwanza ni hili: askari atalitambuaje jiwe lililochongwa na mtu, katikati ya mawe elfu yaliyovunjika yenyewe?

Katika Ulaya jiwe lililotumika sana ni gumegume, jiwe gumu ambalo vipande vyake hutoka na makali safi na alama za pigo zikaonekana wazi. Picha nyingi zilizomo vitabuni ni za mawe hayo. Lakini anayetafuta gumegume katika vilima vya Kigali atatafuta asichoweza kupata. Vilima hivi vina miamba ya kwatsaiti, pamoja na mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe linalong'aa. Watu wa kale walichonga mawe waliyokuwa nayo karibu. Kwa hiyo zana za hapa mara nyingi ni nyeupe, za kijivu au za rangi ya kutu, na kwa mtu asiyezoea hufanana na kokoto za ujenzi.

Hata hivyo, zipo alama. Mtu anapolipiga jiwe kwa jiwe jingine kwa makusudi, kipande kinachobanduka, yaani kibanzi, huchukua ushahidi wa pigo lile. Penye ukingo uliopigwa huwa pana sehemu ndogo bapa. Chini yake, upande wa ndani wa kibanzi, hutokea nundu ndogo iliyovimba, na kutoka katika nundu hiyo huenea mikunjo myembamba, mfano wa mawimbi ya maji yaliyotupiwa kijiwe. Upande wa nje huonekana makovu ya vibanzi vilivyobanduliwa kabla ya hicho. Kadhalika, makali ya zana iliyokamilishwa huwa na makovu madogo madogo yaliyopangika sawasawa, kwa sababu fundi aliyanoa kwa mapigo mepesi.

Katika kwatsi nundu hiyo mara nyingi haionekani vizuri. Jiwe hilo hupondeka penye pigo, na pengine fundi aliliweka juu ya jiwe jingine kama fuawe, akaligonga kutoka juu, likapondeka ncha zote mbili. Kwa ajili hiyo haifai kutoa hukumu kwa jiwe moja. Dalili yenye nguvu zaidi ni mkusanyiko: vibanzi vingi mahali pamoja, jiwe-mama lililobanduliwa vibanzi hivyo, na pengine jiwe la duara lenye michubuko ya kugongea. Dalili nyingine ni jiwe lisilo la mahali pale, mathalani kokoto laini la mtoni lililokutwa juu ya kilima. Maji hayapandi mlima. Yamkini mtu alilibeba.

Kinyume chake, jiwe lenye mipasuko mipya inayometa, lisilo na kutu wala uchakavu, huenda limevunjwa jana na sururu au gurudumu la lori. Jiwe lililopasuliwa na moto wa nyasi huacha mashimo ya duara yasiyo na alama ya pigo. Na jiwe lililobingirika mtoni huwa na makovu yasiyo na mpango, upande huu na upande ule.

Swali la pili ni kubwa kuliko la kwanza: baada ya kulitambua, afanye nini? Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Wanaliokota jiwe, wanalifuta udongo, wanalitia mfukoni na kulipeleka nyumbani au ofisini. Jiwe limepona, lakini habari zake zimekufa. Askari polisi hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Ganda la risasi lililookotwa mahali pa tukio na kuletwa kituoni bila maelezo halimsaidii mpelelezi. Analotaka kujua ni lilikuwa wapi, lilielekea wapi, na lilikuwa umbali gani na vitu vingine. Jiwe la kale halina tofauti. Lenyewe halina tarehe. Umri wake hujulikana kwa tabaka la udongo lililolifunika, kwa makaa yaliyokuwa pamoja nalo, au kwa majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Ni kwa njia hiyo kwamba mwaka 1961 majivu ya volkano ya Olduvai, nchini Tanzania, yalipopimwa, ilifahamika kwamba mabaki na zana za tabaka la chini zina umri wa takriban miaka milioni 1.75.

Gharama ya kutoandika vizuri ilionekana katika Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1932 kikosi cha Louis Leakey kilipata kipande cha taya la binadamu huko Kanam, karibu na Ghuba ya Winam nchini Kenya. Leakey aliamini kwamba taya hilo lilikuwa la kale sana, na wataalamu wengi wa Uingereza wakampa sikio. Mwaka 1935 Profesa Percy Boswell alisafiri kutoka London kuja kupaona mahali penyewe. Leakey hakuweza kupaonyesha kwa uhakika. Vigingi vya chuma alivyovichomeka vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji, ambao walikuwa na matumizi yao ya chuma. Picha zake mwenyewe ziliharibika, na picha aliyokuwa ameionyesha kuwa ya mahali hapo ikathibitika kuwa ya mahali pengine. Boswell alichapisha ukosoaji wake, na ugunduzi ule ukapoteza heshima. Taya lilikuwapo mkononi, lakini mahali pake palikuwa pamepotea.

Leakey aliendelea na kazi akapata sifa kubwa, na mkewe, Mary Leakey, akajulikana kwa uangalifu wa kuchora na kuorodhesha mawe ya Olduvai. Kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu matabaka mawili ya chini ya Olduvai ni daftari la kazi hiyo. Na rasi ile ile ya Homa iliyo jirani na Kanam ilirudi katika habari mwaka 2023, wataalamu walipotangaza zana za mawe za Nyayanga zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Safari hii tabaka lililozitoa lilijulikana barabara. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba utaratibu huu una deni kwa wanajeshi. Augustus Pitt Rivers, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyefikia cheo cha jenerali, alishughulika katika miaka ya 1850 na majaribio ya bunduki mpya, akaona jinsi silaha inavyobadilika hatua kwa hatua. Alipoanza kuchimba mahame katika mashamba yake, alisisitiza kwamba kila kitu kiandikwe mahali pake, hata kigae kisicho na thamani machoni pa watu.

Utaratibu unaomfaa askari, basi, ni mfupi, nao hauhitaji vyombo vya kitaalamu. Kwanza, asimamishe jembe au tingatinga mahali hapo, na asiokote kitu. Pili, apige picha: moja ya mbali inayoonyesha mlima, nyumba au barabara ili mahali patambulike, na nyingine ya karibu ikiwa na rula au kalamu kando ya jiwe ili ukubwa wake ujulikane. Tatu, aandike tarehe na saa, jina la wilaya, sekta, seli na kijiji, pamoja na namba za gridi ya ramani au vipimo vya simu. Asitegemee kigingi peke yake. Apime pia umbali kutoka vitu viwili visivyohamishika, kama vile kona ya jengo na nguzo ya daraja. Nne, apime kina kutoka uso wa ardhi, na aeleze rangi ya udongo na vitu vilivyo jirani: makaa, vigae, mifupa ya wanyama.

Tano, ikiwa hatari au kazi isiyoweza kungoja inalazimu jiwe liondolewe, kila jiwe litiwe katika mfuko wake, na kila mfuko uwe na karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Jiwe lisioshwe, lisikwanguliwe, wala lisichanganywe na mengine. Sita, taarifa ipelekwe kwa mkuu wa kikosi au wa kituo, kisha kwa ofisi ya sekta na kwa Inteko y'Umuco, taasisi ya taifa inayosimamia urithi wa utamaduni na majumba ya makumbusho ya Rwanda.

Lipo jambo moja ambalo halina budi kutengwa na hayo yote. Ardhi ya Kigali haikufukia mawe ya kale tu. Gikondo ni mahali ambapo, tarehe 9 Aprili 1994, watu waliokimbilia kanisa la Wapallotti waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Miaka mingi baadaye, wachimbaji wa misingi ya nyumba nchini Rwanda wameendelea kukuta mabaki ya waliouawa. Kwa hiyo mifupa ya binadamu inapoonekana, askari asiifanye kuwa habari ya akiolojia. Kazi isimame, mahali palindwe, viongozi waitwe mara moja, na marehemu wapewe heshima yao. Na kitu cha chuma kinachofanana na bomu kiachiwe wenye ujuzi wa kazi hiyo.

Polisi wana wajibu wa ziada. Vitu vya kale huibwa vikauzwa nje ya nchi, na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 ulifanywa ili kuzuia biashara hiyo. Rwanda nayo ilitunga Sheria Na. 28/2016 kuhusu hifadhi ya urithi wa utamaduni. Lakini ni vigumu kudai mali ambayo haikuandikwa popote. Ofisa wa mpakani anayekuta mawe ya kale katika mzigo wa msafiri atauliza yametoka wapi, na jibu litakuwa na nguvu ikiwa picha na vipimo vyake vimekwisha kuhifadhiwa.

Askari hatakiwi kuwa mtaalamu wa akiolojia. Umri wa jiwe na jina la zana ni kazi ya wataalamu, nao wanaweza kungoja mwezi au mwaka. Mfereji uliochimbwa asubuhi haungoji. Mvua ya jioni huuporomosha. Nusu saa inayotumika kupima, kupiga picha na kujaza kitabu cha matukio cha kituo hairudi tena, na katika nusu saa hiyo ni askari aliyepo pale, si mwingine, anayeweza kuiokoa habari ya watu waliotangulia kukaa katika vilima hivi.