KOFIA NGUMU NI YA KUFUNGWA, SI YA KUNING'INIZWA

Zamani katika vijiji vyetu vya Tarime na Serengeti mgonjwa alibebwa kwa machela au kwa baiskeli. Gunia la mahindi lilibebwa na punda. Siku hizi kazi hizo zinafanywa na pikipiki. Pikipiki inamfikisha mama mjamzito Mugumu. Inashusha ndizi kutoka milimani mpaka Sirari. Imewapa vijana wengi kazi. Mimi Bwana Shamba pia hutembelea wakulima kwa pikipiki. Kwa hiyo sikusudii kuisema vibaya.

Leo nataka tuzungumze juu ya kichwa cha mtu anayepanda pikipiki hiyo. Jambo hili limechunguzwa katika vyuo vikuu kwa zaidi ya miaka 80. Yaliyogunduliwa huko yanatuhusu sisi wa Nyamongo, Nyamwaga, Natta na Issenye. Mahindi ya Marekani huenda yakakataa udongo wa Tarime. Lakini fuvu la Mmarekani na fuvu la mtu wa Tarime ni mfupa ule ule.

WALICHUNGUZAJE?

Wewe mkulima unajua shamba la majaribio. Tukitaka kujua kama mbolea inafaa, tunapanda vipande viwili. Kimoja tunatia mbolea, kingine hatutii. Wakati wa mavuno tunapima, nawe unajionea. Lakini ajali haijaribiwi hivyo. Huwezi kumgongesha mtu mzima ukutani ili uone ataumia wapi. Watafiti walilazimika kutafuta njia nyingine.

Mji wa Detroit, Marekani, ni mji wa viwanda vya magari. Katika mji huo kuna chuo ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Wayne State. Mwaka 1939 daktari wa upasuaji wa ubongo, Gurdjian, alishirikiana na mhandisi Lissner. Walitaka kujua fuvu la mtu linaweza kustahimili pigo kubwa kiasi gani. Walitumia maiti zilizotolewa kwa ajili ya elimu ya udaktari. Waliziangusha kwa vipimo, wakaandika kila walichokiona.

Najua habari hii itawatisha baadhi ya wasomaji. Kwetu maiti ni ya kulazwa kaburini kwa heshima, basi. Lakini tazama faida yake. Mwaka 1995 mtaalamu wa chuo hicho, Albert King, alipiga hesabu. Alikadiria kwamba uchunguzi huo ulikuwa unaokoa watu wapatao 8,500 kila mwaka, kwa sababu magari yalitengenezwa upya kufuatana na yale waliyojifunza.

Profesa mwingine wa hapo, Lawrence Patrick, alijitumia mwenyewe. Alijifunga mkanda kwenye kigari kinachokimbizwa juu ya reli na kusimamishwa ghafla. Alifanya hivyo mara 400 hivi. Mtu wa namna hiyo akikuambia funga mkanda, hasemi maneno ya kusikia tu.

MIGONGANO MITATU

Jambo kubwa lililojulikana ni hili. Katika ajali moja kuna migongano mitatu.

Mgongano wa kwanza ni wa chombo. Pikipiki inagonga ng'ombe, au gari linagonga mti. Huo ndio tunaousikia kwa kishindo. Mgongano wa pili ni wa mwili. Pikipiki imesimama, lakini mtu bado anakwenda kwa mwendo ule ule. Anaruka mbele mpaka akutane na jiwe, lami au kioo. Mgongano wa tatu hauonekani kabisa. Kichwa kimesimama, lakini ubongo ulio ndani bado unakwenda. Unajigonga kwenye fuvu, kama maziwa yanavyojipiga ndani ya kibuyu kinachotikiswa. Mishipa midogo ya damu inakatika. Ndiyo sababu mtu anaweza kuinuka, akajikung'uta vumbi, akasema ni mzima, na usiku akazirai. Mtu aliyegonga kichwa apelekwe hospitali hata kama anasema haumwi.

Na pigo lenyewe ni kubwa kiasi gani? Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa si kitu cha ajabu siku hizi. Kugonga ukuta kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mti wa mita 10. Hakuna anayekubali kujirusha kutoka juu ya mti wa namna hiyo. Lakini kwenye pikipiki tunakaa tukipiga soga.

Sasa chukua yai. Liangushe juu ya jiwe. Limepasuka. Chukua jingine, liangushe kutoka kimo kile kile juu ya rundo la pumba. Huenda likapona. Kimo ni kile kile. Tofauti ni kwamba pumba zimelipa yai nafasi ya kusimama polepole. Kazi ya kofia ngumu ni hiyo hiyo. Ndani yake kuna povu gumu jeupe, linalofanana na lile linalozungushiwa redio mpya ndani ya boksi. Kichwa kikigonga, povu linabonyea. Zile sentimita chache za kubonyea ndizo zinazookoa ubongo.

DAKTARI WA OXFORD

Kofia ngumu zilianzaje kuvaliwa na watu wengi? Mwezi Mei mwaka 1935 Mwingereza mashuhuri aitwaye T. E. Lawrence alianguka na pikipiki akijaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli. Hakuwa na kofia ngumu. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, ambaye baadaye alikuwa profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Cairns hakuishia kusikitika. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alihesabu. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani nchini Uingereza. Wengi waliumia kichwa. Akatafuta walioanguka wakiwa wamevaa kofia ngumu. Alipata saba tu, na wote saba walikuwa hai. Aliyaandika hayo mwaka 1941. Mwezi Novemba mwaka huo huo jeshi la Uingereza liliamuru waendesha pikipiki wake wote wavae kofia. Mwaka 1946 Cairns alionyesha kwamba vifo vilipungua.

Watu saba ni wachache. Mkulima makini angesema, Bwana Shamba, miche saba haitoshi kuhukumu mbegu. Ni kweli. Lakini wengine wamehesabu tangu wakati huo. Mwaka 2008 ulitolewa uchunguzi uliokusanya tafiti 61 kutoka nchi mbalimbali. Ulionyesha kwamba kofia ngumu inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi. Uwezekano wa kuumia kichwa unapungua kwa asilimia 69 hivi. Sijui mbolea inayoleta faida kama hiyo kwa fedha kidogo namna hiyo.

HABARI ZA BUGANDO

Tusiseme hayo ni mambo ya Ulaya. Mgonjwa wa ajali akiwashinda madaktari wa wilaya na wa mkoa wetu wa Mara, mara nyingi hupelekwa Bugando, Mwanza. Hospitali hiyo ndiyo ya kufundishia madaktari wa chuo kikuu kilicho hapo hapo. Mwaka 2010 na 2011 madaktari wake waliwafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani zaidi ya 1,600. Katika kila majeruhi 100, karibu 59 waliumia katika ajali za pikipiki. Zaidi ya nusu ya majeruhi wote waliumia kichwa. Kundi kubwa lilikuwa la vijana wa miaka 21 mpaka 30. Katika kila 100, zaidi ya 17 walikufa.

Waliolazwa walikaa hospitali zaidi ya wiki tatu kwa wastani. Fikiri juu ya wiki hizo tatu, ndugu mkulima. Palizi ya kwanza imepita. Mgonjwa hawezi kukaa Mwanza peke yake, kwa hiyo mke au kaka naye ameacha shamba. Ng'ombe wa kwanza ameuzwa kwa nauli na dawa. Wa pili anatafutiwa mnunuzi, naye mnunuzi akijua una shida anakupa bei ya mbuzi.

KOFIA IPI?

Sheria inataka dereva na abiria wavae kofia ngumu. Lakini pita leo kwenye kijiwe chochote cha bodaboda. Utaona kofia imening'inizwa kwenye usukani, au imevishwa kwenye kiwiko cha dereva. Akimwona askari anaivaa, akimpita anaivua. Kiwiko hakina ubongo.

Wengine wanavaa lakini hawafungi mkanda wa kidevuni. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Funga mkanda mpaka vidole viwili tu vipite kati yake na kidevu. Kisha shika kofia, jaribu kuivuta kwa mbele. Ikitoka, ni kubwa mno.

Upande wa Nyamongo nimewaona vijana wakiendesha pikipiki na kofia za mgodini. Ile ni kofia nzuri kwa kazi yake. Imetengenezwa ili kuzuia kijiwe kinachoanguka kutoka juu. Haikutengenezwa kwa mtu anayerushwa uso kwa uso na barabara. Vile vile kuna kofia za rangi za kupendeza ambazo ndani yake ni kitambaa na sponji laini la godoro tu. Hizo ni za kumfurahisha askari. Kofia iliyokwisha kugonga katika ajali nayo haifai tena, hata kama nje inang'aa. Povu likibonyea halirudi. Na usisafishe ndani kwa petroli, inakula povu.

Mama mmoja muuza ndizi aliniuliza, "Bwana Shamba, nitavaaje kofia iliyovaliwa na watu ishirini tangu asubuhi? Nikipata mapunye utanitibu wewe?" Nilimjibu, "Mama, swali lako ni la haki." Dawa yake ni kitambaa chepesi cha pamba. Jifunge kichwani kwanza, kisha vaa kofia juu yake. Kilemba kizito hakifai, kwa sababu kofia haitakaa. Dereva naye aianike kofia yake wazi kila jioni. Na asibebe mshikaki wa abiria wawili watatu, kwa maana kofia ya abiria ni moja.

SHULE ZILIZO KANDO YA BARABARA

Kuna watu ambao kofia haiwasaidii, nao ni watoto wanaokwenda shule kwa miguu. Kwao kuna uchunguzi wa Dar es Salaam ambao mimi niliupenda sana, kwa sababu ulifanywa kama shamba letu la majaribio. Shirika la Amend lilichagua shule za msingi zenye hatari. Katika baadhi yake walitengeneza njia za miguu, matuta, vivuko na alama. Shule nyingine ziliachwa kwanza bila matengenezo, ili kulinganisha. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuhesabu watoto walioumia, kabla na baada. Mahali palipotengenezwa majeraha yalipungua kwa asilimia 26 hivi. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa.

Sisi barabara zetu zinabadilika. Lami inaongezeka kwa vipande, na penye lami mwendo unaongezeka. Kama shule ya kijiji chako ipo kando ya barabara, jambo hili lifikishwe kwenye mkutano wa kijiji wakati ujenzi unaendelea. Ni rahisi zaidi kuomba tuta wakati mitambo bado ipo.

BEI

Najua mtasema kofia nzuri ni ghali. Kwa kijana mmoja, ndiyo. Lakini wakulima wenzangu wa Tarime na Serengeti mmezoea kununua mbegu na mbolea kwa pamoja ili mpunguziwe bei. Madereva wa kijiwe kimoja wanaweza kuchanga hivyo hivyo na kumtuma mwenzao mjini, wakihesabu kofia mbili kwa kila pikipiki. Huyo mtakayemtuma akifika dukani, aombe kofia moja, atie mkono ndani na kubonyeza kwa dole gumba kabla ya kulipa. Asipolikuta povu gumu, aende duka la pili.