MASHINE IKIKUNYIMA MKOPO, ULIZA



Labda wewe wauza samaki Mji wa Kale, Mombasa. Kusi ikivuma bahari huchafuka, samaki huadimika, nawe wachelewa kulipa deni. Baadaye waomba mkopo mwingine kwa simu. Kufumba na kufumbua, umekataliwa. Huenda aliyekataa si karani, bali ni akili unde, yaani kompyuta iliyofunzwa kupima watu kwa hesabu. Imeziona siku ulizochelewa. Upepo wa Kusi haikuuona.

Usinyamaze. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 chasema kwamba mashine peke yake ikikata shauri zito juu yako, wenye mashine sharti wakuarifu kwa maandishi. Nawe waweza kuomba shauri hilo lifikiriwe upya, au likatwe jingine lisilotegemea mashine peke yake.

Basi fanya hivi:

1. Hifadhi jibu la kukataliwa pamoja na tarehe yake.

2. Waandikie wenye mkopo, ueleze kwa nini ulichelewa, na uombe mtu aitazame habari yako.

3. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Sheria haisemi ni lazima upewe mkopo. Lakini haki ya kusikilizwa unayo. Kuuliza si ujinga.